Nguo ya Kumpeleka Placide Mahagi

Waliokuwapo: Mama Hortense, mwalimu wa kushona katika kikundi cha akina mama cha Nyakasanza, Félicité, mwenye cherehani, Régine, mwenye maneno, na Marcelline, aliyempakata mwanawe wa pekee, Placide, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa. Hakuwapo Valérie wa Mudzi-Pela, mke wa shemeji yake Marcelline. Mtoto wa Valérie alikuwa amepokelewa na nyanya yake huko Mahagi wakati wa Pasaka, na tangu hapo Valérie hakuonekana tena kwenye kushona.

"Anajivuna sasa," alisema Régine. "Mutoto wake walimupokea. Siye tunamunukia."

Kuhusu kunuka, siku hiyo hakukosea. Juu ya meza palikuwa na vifurushi vitatu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuvifungua.

Kila mshonaji alikuwa amebuni nguo ya kuzuia uchafu wa mtoto, akamvalisha Placide kutwa nzima na kumkalisha juu ya kitambaa cheupe. Mama Hortense alikuwa ameweka kanuni moja tu: pasifuliwe kitu, kila nguo iletwe kama ilivyovuliwa. Bila ushahidi, alisema, wangebishana mpaka Noeli. Sasa ushahidi huo ulikuwa umelala katika joto, na nzi walikuwa wamefika kabla ya wajumbe.

Shauri lenyewe halikuwa la mchezo. Yule nyanya wa Mahagi, mama mkwe wa Marcelline, alikuwa mwanamke mwenye usafi wa kutisha. Ilisemekana kwamba hata kuku wake walitoka nje ya kiwanja kwanza, ndipo wakanya. Alikuwa amemtumia mwanawe Jean-Pierre, mumewe Marcelline, maneno haya: "Mulete ule mutoto nimuone. Kama iko safi, nitamupokea. Kama hapana, mubaki naye kwenu." Tangu maneno hayo yafike, Marcelline hakulala vizuri, wala hakukubali kumwacha mtoto mbali na macho yake. Hata siku za majaribio alikaa mlangoni pa washonaji, akingoja arudishiwe. Lori la Mahagi lilikuwa liondoke kesho yake asubuhi.

"Mubaki naye kwenu!" Félicité alirudia kwa uchungu. "Sawa na mutoto wa mbwa!"

"Tuendelee kwa utaratibu," alisema Mama Hortense, akajifunga kitambaa puani, akafungua kifurushi chake mwenyewe.

Nguo yake ilikuwa na tabaka tatu za pamba, plastiki ya mfuko wa chumvi katikati, na mpira mapajani. Kitambaa cheupe kilikuwa safi kabisa. Lakini alipoufungua ule mpira, vyote vilivyozuiliwa tangu asubuhi hadi jioni viliteleza kwa pamoja, vya kijani na vya manjano, vikatandaa mezani kama mboga iliyochacha. Félicité alikimbilia dirishani. Mbuzi aliyekuwa amesimama pale nje alinusa mara moja, akageuka, akaenda zake.

"Hakuna kilichotoka," Mama Hortense alitamka kwa sauti iliyobanwa. "Muandike hivyo mu vichwa vyenu."

Nguo ya Félicité, iliyokatwa kutoka koti la mvua la zamani, ilikuwa imevuja kidogo mgongoni. Doa lilikuwa dogo, lakini lilikuwa na ute, na nzi walilipenda.

Kisha Régine akafungua chake. Alikuwa amefuma kaptula nzuri ya uzi, yenye maua na utepe, bila kitu chochote ndani. Maua hayakuonekana tena. Kitambaa cheupe hakikuwa na mahali peupe pa kushika.

"Weye Régine!" alifoka Mama Hortense. "Hii ni nguo ao kichungio?"

"Mama, mimi nilitafuta uzuri," alijitetea Régine, huku akicheka na kuziba pua. "Bwana yangu Gérard alimubeba kidogo tu. Sasa hata jina la mutoto hataki kusikia. Anasema, ukimuleta tena huyu, mimi nalala kwa ndugu yangu."

Kwa mara ya kwanza Marcelline alifungua kinywa.

"Ilivuja wapi, mbele ao nyuma?"

"Mama, pande zote! Mpaka juu, kwa shingo!"

"Na harufu? Inatoka ukifua?"

"Itoke wapi? Shati ya Gérard nimefua, nimeanika, nimefua tena. Iko inanuka tu."

Marcelline aliinamisha kichwa, akamfuta Placide midomo. Mtoto alikuwa akila papai bivu, la pili tangu kikao kianze, na mama yake alikuwa akimkatia kipande kingine. Mama Hortense alimtazama kwa huruma. Aliwaza kwamba maskini huyu tayari alikuwa akijiona mbele ya mama mkwe, mtoto wake akirudishwa mikononi mwake kwa dharau.

"Usiogope, binti yangu," alisema. "Mambo ni wazi. Nitakushonea nyingine mupya leo, kama hii yangu. Nyanya yake atamupakata siku nzima, atamuona iko safi sawa na sahani ya padri."

Félicité aliitikia kwa kichwa. Hata Régine alikubali kwamba ameshindwa, akanyoosha mkono kuitupa kaptula yake.

Marcelline aliwahi kuinyakua. Aliishika kwa vidole viwili, imekakamaa kwa uchafu, akaikung'uta nzi, akasimama na mtoto kiunoni.

"Régine, unifumie mbili za hivi mbele ya jua kutua," alitangaza. "Mutoto wa Valérie iko kule tangu Pasaka. Ule mama, akipokea mutoto, harudishake."