Kadi Yenye Jina la Oduori

Siku tuliyomzika ndugu yangu Oduori kule Bukhayo, mtandao wa ofisi yetu ya mizigo Malaba ulianza kukatika. Yeye ndiye alikuwa fundi wetu. Mimi ni karani tu, lakini nilipewa funguo zake.

Leo fundi mmoja wa Nairobi, ambaye hatujuani naye, amenipigia simu nikiwa chumba cha mitambo.

"Dada, kadi moja ya faiawoli, huo mtambo unaolinda mtandao wenu, imeharibika. Shika mpini wake, lakini usivute bado. Ukiitoa ikiwa hai, mtambo wote utaanguka. Wacha niizime kutoka huku."

Nikaushika. Ulikuwa na joto kama kikombe cha chai.

"Ngoja," akasema. "Oduori bado yuko hai."

"Nani amekuambia, boss?"

"Naona hapa kwa skrini. Si kadi ndiyo inaitwa hivyo? Aliyeiweka aliipa jina."

Sikujua nilie au nicheke.

"Haya, nimemzima. Taa yake imekufa?"

Nikaitazama. Taa ya kijani ilikuwa imekufa.

"Bado," nikamdanganya.

Anangoja kwenye simu, na nje malori yanayosubiri mtandao hayasogei.