Hirizi ya Shaba

Bi Zeyana alikuwa ameivaa hirizi hiyo ya shaba kwa miaka hamsini, na alikataa katakata ifunguliwe. Alitaka tu kujua kilichomo kabla hajafa.

"Miale ya nyutroni hupenya shaba, bibi," Nuhaila, mtaalamu wa maabara, alimweleza. "Kinachoizuia ni vitu laini kama karatasi. Kama ndani mna karatasi ya dua, tutaiona."

Hirizi ilipovuliwa na kuwekwa kwenye mashine, shaba ilififia kwenye skrini ikawa kama kioo. Ndani hamkuwa na kitu.

"Tupu, bibi," Nuhaila alisema kwa sauti ya chini.

Bi Zeyana alinyoosha mkono. "Nirudishie."

"Nyutroni zimeiachia mionzi. Lazima ikae siku tatu."

"Haya, mwanangu." Alivuta kiti, akaketi, akaifunika kwa kiganja alama nyeupe iliyoachwa na hirizi mkononi. "Nitangoja."