Mtu Nyuma ya Marobota

Matilda alishusha geti la duka lake mchana kweupe, Kariakoo imefurika watu, na humo ndani hakuwamo mteja hata mmoja. Aliyekuwamo ni mwanamume asiyemjua, fulana imechanika, amejikunyata nyuma ya marobota ya vitenge huku damu ikimtoka puani.

"Mwizi! Mwizi!" Mtaa mzima ulikuwa unamtafuta.

Geti likagongwa. Alikuwa Shaibu, muuza viatu wa jirani. "Mama Nice, hajapita hapa?"

"Nimefunga, Shaibu. Kichwa kinaniuma."

"Haya. Ila tukimkuta kwa mtu, na duka linakwenda na moto."

Hakuwa anatania. Matilda alimsikia mtu akiulizia petroli. Duka lile ndilo lililosomesha wanawe. Lakini mdogo wake, Jovin, aliuawa hivihivi, kwa simu ambayo hakuiba, na mpaka leo moyo wake haujapoa. Kulifungua lile geti hakuweza.

"Naomba simu yako, mama," yule mtu alinong'ona.

Jamani, kuna watu hawana haya. Anawindwa, bado anataka simu ya mtu. Akampa, roho inamuuma.

"Njooni mlango wa uani," yule mtu alisema simuni. "Kimyakimya. Msivae kitu cha kuwatambulisha."

Matilda akajilaani. Kumbe amelikaribisha genge zima. Kupiga polisi hakukumjia hata akilini. Pale mtaani wanasema ukipeleka taarifa kituoni, jioni wezi wanakuja kukusalimia kwa jina. Akachukua mkasi wa kukatia vitambaa, akasimama kando ya mlango wa uani.

Mlango ukasukumwa taratibu. Wakaingia wanaume watatu. Wa mbele akamwona majeruhi, akakaza mwili, akapiga saluti.

"Pole, afande. Na mwizi wetu?"

"Kanitoroka. Namkaribia tu, yeye ndiye akapiga kelele za mwizi na kuninyooshea kidole."

Mkasi ukamponyoka Matilda. "Kumbe wewe ni polisi, baba? Sasa si ungewaambia tu wakuache?"

Afande alijifuta damu kwa kiganja.

"Niliwaambia, mama. Mwanzo walikuwa wamenishika tu. Niliposema mimi ni polisi, ndipo wakaanza kunipiga."