Vikombe Arobaini

Tangu washirika wagombane juu ya kupiga ngoma ibadani, wengi walikuwa wakisali ng'ambo ya barabara. Kanisani walibaki saba. Hata hivyo, Jumapili ya Meza ya Bwana, mama Keziah Murugi, mzee wa kanisa, alijaza divai vikombe vidogo vyote arobaini, kimoja kwa kila jina lililo kwenye orodha.

"Mzee Keziah, tuko saba tu," mchungaji alimnong'oneza.

"Nani amechukua barua ya kuhama ushirika?"

"Hakuna."

"Basi bado ni wetu."

Saba walipokwisha kunywa, Keziah aliinua sinia akavuka barabara, magari yakimpigia honi. Mlangoni kwa wenzao alisimama. Hakuwa amemwaga hata tone. Ndani, ngoma zilinyamaza katikati ya wimbo. Kiti kimoja kikaburutwa sakafuni, mtu akainuka kumjia.