Kipande cha Bomba

Siku hizi, unachoshinda kwenye mchezo wa simu wa kujenga mji ndicho manispaa inachokuletea mlangoni. Kwenye tamasha la kwanza la mchezo huo Mama Mkunde alipata tangi la maji, la pili pipa. Safari hii, baada ya kucheza mpaka vidole vikafa ganzi, ameletewa kipande cha bomba, urefu wa mkono.

“Hawa watu wanatuona mabwege!” alifoka.

Jirani yake Shekue akatoka na kipande kama hicho. Kumbe mtaa mzima umepewa hivyo hivyo. Wakaitana msaragambo, kazi ya pamoja ya mtaa, wakaviunganisha vyote mpaka kwenye chemchemi ya mlimani.

Maji yalipotoka, simu zote zikalia pamoja: “Tamasha lijalo: koki. Mshindi ni mmoja tu.”

Wakatazamana. Mama Mkunde akazima simu yake, akasogeza ndoo ya Shekue mbele ya yake kwenye foleni ya maji.