Shingo ya Mpimaji

Mama Kanga alikuwa akipepeta mtama Kunguru alipotua. "Shoga, hama! Nguzo ya umeme wa upepo itasimikwa kwako. Kigingi kimeshapigiliwa kiotani!"

Mama Kanga akaenda na ungo wake hadi kwa Twiga, mpimaji wa njia ya nyaya.

"Baba, ulipopima ulitazama wapi?"

"Kule kilimani, kwenye mapangaboi ya umeme. Mstari haupindi, mama."

"Lakini shingo inapinda. Hebu twende kiotani, uiname."

Twiga, ambaye alikuwa hajawahi kupima akiinama, akamfuata hadi kiotani, akainama. Vifaranga kumi na mmoja walikuwa wamelala wakikizunguka kigingi. Akaking'oa, akakisogeza hatua tatu, ambazo kwa kanga ni shamba zima.

"Ahsante, baba. Usiondoke na njaa."

Jioni uji ukapakuliwa. Mama Kanga akahesabu: vifaranga kumi na mmoja, wote wapo, na kichwa cha Twiga, kimeinama bakulini.