Chiriku Aliyemkataza Kanga Kulia

Zamani, ndege walipokuwa wakikaa matanga kama sisi, Mwewe alimnyakua kifaranga wa pekee wa Kanga. Kanga akalia, akakataa kula. Chiriku, aliyezaliwa na kicheko mdomoni, akaja kumfunza.

"Shangazi, furaha ni tabia tu. Mbona mimi nacheka hata nikinyeshewa?"

"Umenyeshewa," akasema Kanga kwa ukali. "Hujafiwa. Toka matangani kwangu!"

Chiriku akatoka akiwaambia ndege wote kwamba Kanga amezoea kununa tangu ujana wake. Wakamwamini, wakaacha kwenda kumpa pole. Kanga akabaki na Mungu wake, akimwomba huku amekasirika.

Msimu uliofuata Mwewe akamchukua kinda wa Chiriku. Njiwa akawahi kufika. "Cheka basi, mwenzetu. Si ulisema furaha ni tabia?"

Chiriku akakimbilia kwa Kanga. Kanga alikuwa amemwekea maneno makali siku nyingi. Alipofungua mdomo ayatoe, akamwona Njiwa anakuja nyuma, bado anafundisha. Kanga akamrukia Njiwa, akamdonoa utosini mpaka akatimua mbio.

"Lia, mwanangu," akamwambia Chiriku.

Chiriku akalia. Katikati ya kilio akakumbuka kinda wake alivyokuwa akipiga chafya, akacheka, kisha akalia tena. Kanga hakumkataza kucheka, maana ndivyo Mungu alivyomuumba. Lakini yeye mwenyewe hakucheka, na safari hii hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini.